Silinda hedi ya Land Rover Series III: kutengeneza, kununua ya mitumba, au kupanda hadi 8:1

SWALI: Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ya 2.25, tuliyoachiwa na mzee. Nikitoka Kasarani kwenda Limuru inachemka, na kila asubuhi nakuta maji ya rejeta yamepungua ingawa chini hakuna hata tone. Fundi wangu anasema hedi imepasuka, na amepata nyingine ya mitumba Kirinyaga Road. Jamaa mwingine ananiambia niagize mpya ya 8:1 (uwiano wa kompreshoni, yaani mgandamizo wa hewa) yenye siti ngumu za valvu, eti gari litavuta zaidi. Nimsikilize nani, na kazi yenyewe inafanywa vipi?

JIBU: Ndugu, usimlipe yeyote kati yao kabla hedi uliyo nayo haijatoka na kupimwa. "Hedi imepasuka" ni neno linalotamkwa haraka sana kwenye gereji zetu, na huenda kilichokufa ni gasketi tu. Hata kama ufa upo, kuna kitu kilichouleta. Ukifunga hedi mpya juu ya rejeta iliyoziba, utainunua tena mwakani.

Anza kabla ya kufungua chochote. Tafuta geji ya kompreshoni, pasha injini, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta hadi mwisho na uzungushe kwa stata, mapigo sita kwa kila silinda. Hapo ndipo wengi hupotoshwa na vitabu. Namba za vitabu ni za usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, ambako shinikizo la hewa ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini nzima ambayo ingesoma 145 psi kule pwani itasoma karibu 120 hapa, na haina ugonjwa wowote. Kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, mimina humo kijiko kimoja kikubwa cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka na hedi mpya haitakusaidia kitu. Isipopanda, ni valvu, gasketi au ufa. Silinda mbili jirani zikianguka pamoja, tuseme ya 2 na ya 3, shuku kwanza gasketi iliyoungua kwenye daraja jembamba lililo kati yao.

Kisha, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa na utazame. Mapovu yakianza kupanda ndani ya dakika ya kwanza, kabla maji hayajapata joto, hiyo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Mapovu yanayokuja injini ikishachemka hayathibitishi kitu. Na usitishwe na ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili: gari la safari fupi za mjini hukusanya mvuke hapo hata kama hedi ni nzima. Maziwa kwenye dipstiki ndiyo ya kuogopa.

Sasa kuhusu kuchemka. Kwa mita 1,700 maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukifika Limuru, takriban mita 2,200, ni karibu nyuzi 93. Kifuniko kizima cha rejeta, kinachoshikilia psi 9, hukupa nafasi hadi kama nyuzi 110. Spring'i yake ikilegea, na themostati yako ni ya nyuzi 82, umebaki na nyuzi kumi na kitu tu kati ya joto la kawaida la kazi na maji kugeuka mvuke ndani ya hedi. Mvuke ukikaa kati ya siti mbili za valvu, chuma cha pale hupata joto ambalo maji hayalifikii kulipoza, na ufa huanzia hapo. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo; nunua kipya kabla ya yote. Ipeleke rejeta ikapimwe mtiririko. Na ukikuta fundi aliyepita ameitoa themostati "ili ipoe", irudishe. Bila themostati sehemu ya maji hupitia mpira wa baipasi na kurudi kwenye pampu bila kuona rejeta. Dawa hiyo ya gereji imeua hedi nyingi kuliko inavyolaumiwa.

Ipi ununue

Nianze na hii ya mitumba. Hedi ya petroli ya 2.25 ni chuma cha kusubu, si alumini, kwa hiyo huvumilia sana, lakini ikishachoka haisemi. Ya Kirinyaga Road inaweza kuwa imeskimiwa (uso wake wa chini umekwanguliwa uwe bapa) mara tatu, ina ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi juu, au ni ya dizeli kabisa, ambayo haifai kwako. Usikubali hedi iliyopakwa rangi upande wa chini. Ukiitaka, iwe kwa sharti kwamba inapimwa kwa presha kwanza, na kama inavuja inarudi. Muuzaji akikataa sharti hilo, amekujibu.

Kama hedi yako ya asili haina ufa unaoingia kwenye maji, mimi ningeitengeneza hiyo. Nyufa ndogo sana za juu juu kati ya siti zinaweza kuondoka siti inapochongwa. Zinazoshuka hadi njia ya maji ndizo zinazoiua hedi. Kuchomelea chuma cha kusubu kunawezekana, lakini lazima hedi nzima ipashwe moto, ichomelewe na ipozwe polepole. Ile ya kuchomelea palepale kando ya barabara itapasua pembeni mwa kiraka.

Ya tatu, hedi mpya au iliyojengwa upya ya 8:1 yenye siti ngumu za ekzosi, ndiyo ninayoichagua kama ya zamani imekufa. Sababu mbili.

Ya kwanza ni petroli. Gari lako lilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi. Risasi ile iliacha utando mwembamba kwenye siti za ekzosi, ukawa kama mto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia Januari 2006, kampeni iliyosukumwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kutoka hapa hapa Gigiri. Bila mto huo, valvu ya ekzosi yenye joto kali hugonga siti ya chuma laini, chembe hushikana na kung'oka, na valvu huzama kidogo kidogo. Dalili yake utaiona kwenye tapeti: nafasi ya valvu za ekzosi inajibana kila unapopima, mpaka siku valvu haifungi tena na inaungua. Gari la kuzunguka mtaani taratibu linaweza kwenda miaka bila shida hiyo; linalopanda Limuru limepakia halina bahati hiyo.

Ya pili ni hewa yetu. Injini ya 2286 cc ina cc 571.5 kwa kila silinda. Kwa uwiano wa 7:1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni cc 95. Kwa 8:1 ni karibu cc 82. Kwa kimo hiki cha Nairobi injini imeshapoteza karibu asilimia 18 ya hewa yake, kwa hiyo kupandisha kompreshoni hakuna hatari ya kugonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda) kwa super ya kawaida, na kunarudisha kiasi fulani cha nguvu. Nasema kiasi. Kwa hesabu ya joto na mgandamizo, kutoka 7 hadi 8 ni asilimia 4 au 5 tu. Jamaa yako hakukudanganya, ila usitegemee kumpita mtu. Kuna pia wanaouza za 9:1. Hapa Nairobi zitatulia, lakini shuka nazo hadi Mombasa gari likiwa limepakia, utasikia mlio kama kopo lenye mawe. Kwa gari la kazi ningeacha.

Swali linalokuja ni kama unaweza kuiskimu hedi yako ya 7:1 ifike 8:1. Unaweza: inahitaji kuondolewa karibu milimita 2.5, yaani thau 100 (thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi). Hesabu yake ni kwamba kila milimita 0.1 unayoondoa hupunguza chemba, yaani shimo la hedi ambamo petroli huwaka, kwa nusu cc hivi. Lakini usimwambie fundi wa mashine "toa mbili na nusu" kwa kubahatisha, kwa maana hujui wangapi waliskimu kabla yako. Pima. Weka hedi chini juu, valvu na plagi zikiwa ndani, paka grisi ukingoni mwa chemba, funika kwa kipande cha kioo cha plastiki chenye tundu dogo, halafu jaza kwa sirinji ya duka la dawa ukitumia mafuta ya taa hadi pasibaki povu. Andika cc zilizoingia. Chemba nne zisipishane zaidi ya cc 1. Kwenye namba hiyo ongeza nafasi ya gasketi na ile iliyo juu ya pistoni, ndipo ulinganishe na 95 au 82. Gasketi si kitu kidogo: yenye unene wa nusu milimita zaidi huongeza zaidi ya cc 3, na 8:1 yako inashuka hadi kama 7.7 bila mtu kujua.

Kwenye karakana ya mashine

Hapa ndipo pesa zako hupotea au hupona, kwa hiyo kaa nao. Karakana nzuri zipo Industrial Area. Chagua inayokubali uone. Utaratibu ni huu: hedi ioshwe hadi ndani ya njia za maji, plagi za kutu (vifuniko vya matundu ya maji, si plagi za moto) zitolewe, ipimwe ufa kwa dawa ya rangi au sumaku, kisha kwa presha ikiwa ndani ya maji ya moto. Maji baridi huficha ufa unaofunguka kwa joto tu. Ndipo iskimiwe, kwa kiasi kidogo cha kuinyoosha. Kupima unyofu unaweza mwenyewe: rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili. Ikipitisha milimita 0.05 kwa upana au 0.10 kwa urefu, ipelekwe.

Siti ndizo zenye mtego. Kwenye injini hii siti ya valvu ya kuingiza hukatwa kwa pembe ya nyuzi 30 na ya ekzosi nyuzi 45. Fundi aliyezoea Toyota atakata zote 45 bila hata kukuuliza, halafu valvu ya kuingiza inakaa kwenye ukingo mwembamba kama wembe. Mwandikie kwa chaki kwenye hedi yenyewe: IN 30, EX 45. Kama unaweka pete za siti ngumu, weka za ekzosi nne tu. Za kuingiza hupozwa na mchanganyiko mbichi na hazina shida. Pete iwe kubwa kuliko shimo lake kwa milimita 0.08 hadi 0.10, ilazwe kwenye friza usiku kucha, hedi ipashwe, ndipo igongwe mara moja hadi ikae. Iliyowekwa ikiwa imelegea itachomoka siku moja ukiwa barabarani na kupiga pistoni. Shimo likichimbwa kupita kiasi linatokea kwenye maji, na hapo hedi imekwisha.

Gaidi za valvu (mirija inayoongoza shina la valvu) zibadilishwe kabla ya kukata siti, si baada yake, kwani mashine ya kukatia hushikwa na gaidi. Baada ya kusaga, geuza hedi ubavu, mimina petroli kwenye tundu la kuingiza na la ekzosi, usubiri dakika mbili. Chemba ikilowa, valvu hiyo irudi kusagwa.

Kuifungua na kuifunga

Toa nyaya za betri, mwaga maji kwenye rejeta na pia kwenye bomba la bloku, ambalo husahaulika. Kama tairi la akiba liko juu ya boneti, litoe kwanza kabla halijakuangukia shingoni. Boliti kubwa za hedi ni za nusu inchi na vichwa vyake ni 3/4. Soketi ya milimita 19 inaingia sawasawa. Zile ndogo za 5/16 zina kichwa cha nusu inchi, na hapo soketi ya 13 inacheza na kuvivunja pembe. Azima ya nusu inchi. Boliti hazilingani urefu, kwa hiyo chora hedi kwenye kadibodi, toboa matundu, kila boliti ikae mahali pake. Pushirodi nane nazo zipangwe hivyo hivyo. Shafti ya roka ikitoka, funga waya ncha zake mbili, la sivyo roka na spring'i za mwisho zitaruka na kupotelea chini ya gari.

Hedi ikigoma kutoka, weka bisibisi mbali. Shafti ya roka imeshatoka, valvu zote zimefungwa. Rudisha plagi, tenga waya wa koili, na uzungushe injini kwa hendeli ya mbele. Kompreshoni yenyewe itaiinua. Kuibeba ni kazi ya watu wawili.

Uso wa bloku usafishwe kwa blade iliyolala, na mashimo ya boliti yapitishwe tapu ya nusu inchi UNF kisha yapulizwe kwa hewa hadi yakauke. Shimo lenye oili au maji chini huibana boliti kabla haijabana hedi: spana ya torki inalia, wewe unaridhika, kumbe gasketi imelegea, au bloku imepata ufa. Gasketi ya kompoziti huwekwa kavu, bila silikoni. Kata vichwa vya boliti mbili za zamani uzifanye nguzo za kuongozea hedi ishuke wima.

Paka oili kidogo nyuzi za boliti, na usisahau kurudisha pushirodi na shafti ya roka kabla ya kukaza. Anzia katikati ukienda nje kwa kuzunguka, hatua tatu: 30, 50, kisha 65 lb-ft, ambayo ni Nm 88. Ndogo za 5/16 zinaishia 18 lb-ft. Kukaza "kwa hisia ya mkono" kwenye hedi ni kujitafutia kazi ya pili. Manifoldi ya kuingiza na ya ekzosi zimeunganishwa pamoja. Legeza boliti zinazoziunganisha, kaza zote mbili kwenye hedi zikae bapa, ndipo ukaze tena kiungo chao. Ukifanya kinyume, ya ekzosi hupasuka.

Tapeti ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane. Kumbuka namba 9: hesabu valvu 1 hadi 8 kutoka mbele, ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 7 na ya 2, ya 6 na ya 3, hivyo hivyo hadi mwisho. Kama hedi imeskimiwa sana, skrubu za tapeti zitakuwa zimepanda juu kuliko zamani. Hakikisha bado zina nyuzi za kutosha kwenye roka. Zungusha injini bila plagi hadi uone oili ikichuruzika kwenye kila roka, ndipo ufunike.

Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, mwanya wa plagi milimita 0.75 hadi 0.80, wa pointi 0.35 hadi 0.40. Weka taimingi (wakati wa cheche) ya kuanzia pistoni ikiwa juu kabisa, halafu isogeze kidogo kidogo ukijaribu kwenye mlima, gia ya tatu, mafuta mengi. Ikigonga, rudisha. Jeti za kabureta zilizopimwa kwa pwani huingiza petroli nyingi mno hapa juu, kwa hiyo plagi nyeusi za masizi si kosa la hedi. Jaza kulanti iliyochanganywa na maji safi, si ya kisima yenye chumvi.

Pasha injini hadi joto la kazi, izime, iache ipoe usiku mzima. Asubuhi rudia boliti kwa mpangilio ule ule: legeza robo mzunguko, kaza 65, moja baada ya nyingine. Pima tapeti tena, kwa sababu zitakuwa zimebadilika. Rudia yote baada ya kilomita 500. Na siku ukishuka Mombasa, sikiliza injini ukishapita Mtito Andei, hewa inapokuwa nzito. Ikianza kugonga kwenye kilima, simama, zungusha distribyuta digrii mbili tatu kurudi nyuma, uweke alama ya rangi mahali ilipokuwa ili uirudishe ukifika nyumbani.